Godoro la Mwalimu

Likizo ya mwaka huu ilitukutanisha mafrateri watatu katika kigango kimoja nje kidogo ya mji wa Musoma, upande wa ziwani. Sote watatu tulifundishwa katekisimu na mtu mmoja. Mkoani Mara ukisema "Mwalimu" watu wanafikiria Butiama kwanza, kwa hiyo tueleze mapema: Mwalimu wetu ni katekista. Kwa zaidi ya miaka 30 aliandaa watoto wa kigango kwa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, akitembea kwa baiskeli, na baiskeli ilipochoka, kwa miguu. Mwezi wa pili alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu, maneno yanatoka kwa shida, na tangu hapo yuko kitandani.

Tulikwenda kumsalimu siku ya pili tu ya likizo. Bibi, mke wake, alitupokea, akatuletea viti, akauliza habari za masomo. Kisha akafunua shuka ili tuone. Chini kabisa ya mgongo ngozi ilikuwa imeiva, nyeusi kuliko pengine na ya moto ukiigusa. Kwenye kisigino palikuwa na lengelenge. Godoro lenyewe ni sponji ya siku nyingi, imebonyea katikati kama mtumbwi. Ukikaa pembeni unazihisi chaga.

Hatukukaa sana. Njiani hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika nyumbani, ndipo mmoja wetu akatoa simu.

Muuzaji yuko Dar es Salaam. Katika video yake mtu anaruka upande mmoja wa godoro, na glasi ya juisi iliyowekwa upande wa pili haitikisiki. Kiganja kinabonyezwa, alama inabaki, halafu inajaa polepole. Ndiyo ile sponji wanayoiita memori fomu, yaani sponji yenye kumbukumbu. Futi 4 kwa 6, inchi 8, Sh 650,000 bila nauli ya mzigo. Linafyonzwa hewa, linakunjwa, linatiwa kwenye boksi na kupandishwa basi la Musoma. Ukilifungua linaumuka lenyewe. Unalipa kwanza, kwa simu.

Hatukuvutwa na glasi ya juisi. Tulisoma kidogo. Sponji hii haikubuniwa kwa ajili ya usingizi: mwaka 1966 mhandisi Charles Yost, akifanya kazi kwa mkataba wa shirika la anga la Marekani, NASA, alikuwa akitafuta kiti ambacho kingemkinga vizuri zaidi anayekalia ndege. Joto la mwili linailainisha, mwili unazama kidogo, na uzito unatawanyika badala ya kukaa wote juu ya nyonga na visigino. Kwa mtu mzima hiyo ni starehe. Kwa asiyeweza kujigeuza ni jambo jingine, maana mfupa ukikandamiza ngozi sehemu moja kwa saa nyingi, damu haipiti, na nyama inaanza kufa kutoka ndani kabla hujaona kitu juu.

Tulifungua kundi la WhatsApp la wote waliofundishwa na Mwalimu. Mwanza, Dar, Arusha, mmoja yuko Muscat. Michango ilikuja kwa kasi iliyotushangaza. Siku ya nne tulikuwa na Sh 710,000.

Hapo ndipo tulipoanza kubishana.

Mmoja wetu alikuwa na neno la ufukara. Sote tulipita seminari ndogo, tunakumbuka ile orodha ya vifaa yenye godoro la futi mbili na nusu, na safari ya kidato cha kwanza, godoro limefungwa kamba juu ya basi. Akatukumbusha Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 55, inayompa mtawa mkeka, blanketi jepesi, zito na mto, halafu inamwagiza abate akague vitanda mara kwa mara asije akaficha mtu mali yake humo. Akamtaja na Paroko wa Ars, aliyegawa godoro lake kwa maskini. Je, katekista wa kijijini alale juu ya Sh 650,000 wakati jirani yake analala kwenye ngozi?

Ilikuwa hoja nzuri kwa mtu mwenye afya. Mwenzake akamjibu kwa Kanuni hiyo hiyo, sura ya 36, ambamo wagonjwa wanatangulizwa mbele ya mambo yote, wanaogeshwa kila inapofaa, na wanyonge wanapewa nyama ambayo wengine wamenyimwa. Mdogo wetu alinyamaza. Tunaona aibu kidogo kueleza kwamba mjadala huu tuliufanya tukiwa tumelala, kila mmoja kwenye godoro lake.

Neno la pili lilikuwa la hofu. Mmoja wetu aliwahi kununua viatu mtandaoni akiwa mwaka wa falsafa. Alilipa, akapewa namba ya mzigo, kisha ukurasa ukafutika. Viatu vya mtu mmoja ni hasara ya mtu mmoja, lakini hizi zilikuwa fedha za watu 40. Tukamwandikia muuzaji tukiuliza uzito wa sponji, kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo, maana unene peke yake hauonyeshi ubora: sponji nyepesi ya inchi 8 hubonyea kabla ya nzito ya inchi 6. Tuliuliza pia kama linapitisha hewa, kwa sababu sponji ya aina hii hutunza joto, na joto la Musoma tunalijua, na jasho huiharibu ngozi iliyokwisha kuchoka. Jibu lilikuwa picha ya mikono iliyofumbatana na maneno kwamba ofa inaisha usiku huo. Huenda ni mtu mwaminifu asiyejua bidhaa yake. Hatukulipa.

Asubuhi tulikwenda zahanati kumwomba Sista muuguzi atushauri ni godoro gani. Hakujibu swali letu. Aliuliza lake.

"Mafrateri, nani anamgeuza?"

Tukasema, Bibi.

"Bibi ana miaka mingapi?"

Alikuja nasi jioni ile. Akatuambia tuingize mkono kati ya chaga na godoro, kiganja kikitazama juu, mahali nyonga ilipo. Mfupa wa Mwalimu ulikuwa pale pale, juu ya vidole vyetu, kama hakuna kitu katikati. Kwa hiyo godoro jipya lilihitajika kweli, na Sista hakukataa kwamba sponji bora husaidia. Lakini akasema lolote tutakaloleta, liwe la Dar au la Ulaya, mgonjwa atageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Watu wawili, shuka iliyokunjwa chini yake, mnamnyanyua, hamumburuzi, maana kuburuza kunachuna. Mto mgongoni ili alalie ubavu kidogo tu, na mwingine chini ya ndama za miguu ili visigino vining'inie.

Tukamgeuza akituelekeza. Mwalimu akaguna. Tukadhani tumemuumiza. Akajaribu tena, mara tatu, mpaka Bibi akaelewa: hataki kulala akitazama ukuta. Tangu Februari kitanda kilikuwa kimesukumwa kwenye kona, na kila alipogeuzwa kushoto, alitazama tofali. Katika siku zile zote za video, michango na Benedikto, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza yeye.

Tulivuta kitanda katikati ya chumba. Sasa akilala upande mmoja anaona mlango na njia ya kwenda kigangoni, akilala wa pili anaona dirisha. Kazi ya dakika tano.

Godoro tulinunua Musoma mjini, dukani, tukilibonyeza kwa magoti mbele ya mwenye duka aliyekuwa akicheka: sponji nzito ya kawaida, futi 3 na nusu kwa 6, inchi 6, Sh 185,000. Fedha iliyobaki tulinunua shuka sita, mpira wa kutandika, mito minne na sabuni, na nyingine iko kwa mweka hazina wa Jumuiya. Tulitoa hesabu kwenye kundi. Wawili walikasirika, wakasema walichangia godoro la kisasa, si mito. Tunawaelewa. Sisi pia tulitaka godoro litakalofanya kazi tukiwa tumeondoka. Mtu wa Muscat hawezi kuja kugeuza mgonjwa, na sisi tuliokuwa hatua 200 kutoka kwake tulikuwa tumejihesabu pamoja naye.

Yule aliyepooza wa Kapernaumu, Marko anasema alibebwa na watu wanne. Tafsiri moja ya Kiswahili inasema alikuwa juu ya godoro, nyingine mkeka. Idadi ya wabebaji haibadiliki.

Kwa wiki tano tulishika zamu za usiku: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Saa nane ndiyo ngumu. Mwalimu mara nyingi huwa macho, na usiku mmoja alimsahihisha mmoja wetu, kwa maneno mazito yaliyokatika, pale alipokosea mpangilio wa Mafumbo ya Uchungu. Lengelenge la kisigino limekauka. Mgongoni ngozi haijapasuka, ingawa Sista anasema bado tusishangilie.

Jumamosi tunarudi seminarini. Jumuiya imejaza karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa Bibi, majina mawili mawili, wanaume usiku, akina mama mchana. Jumanne usiku bado ina jina moja. Aliye jirani na kigango chetu aende akamwone Bibi.