Kapteni wetu wa King'ong'o

Timu yetu ya King'ong'o, pale nje ya mji wa Nyeri, iliongozwa na beki ambaye mabao yake hayakujaza vidole vya mkono mmoja. Wengi tulitaka kitambaa cha unahodha apewe straika, maana ndiye aliyevuta mashabiki. Mjadala huo ulipoa mapema 2004. Timu ya taifa, Harambee Stars, iliichapa Burkina Faso 3-0 huko Tunisia, ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Jina la straika Dennis Oliech lilikuwa midomoni mwa kila mtu, lakini nahodha alikuwa Musa Otieno, naye ni beki.

Kazi ya kapteni wetu ilianza Ijumaa jioni. Tulikuwa na seti moja tu ya jezi. Mwezi wa Julai, ukungu wa Mlima Kenya ukitanda hadi saa sita mchana, nguo hazikauki. Alizianika juu ya moto jikoni kwa mamake, nasi tukaingia uwanjani Karatina au Othaya tukinuka moshi. Nauli aliiandika kwenye daftari. Asiyekuwa na hela aliandikiwa "baadaye", na daftari lile hakuna mwingine aliyelifungua.

Kwa refa aliongea yeye peke yake, mikono nyuma. Sheria za soka zenyewe hazimpi kapteni upendeleo wowote. Zinamtwika sehemu ya jukumu la mwenendo wa timu.

King'ong'o kuna gereza kubwa, na watoto wa askari jela walitoka kila pembe ya nchi. Wajaluo, Wakalenjin na Waluhya walicheza pamoja na sisi tuliotoka kwenye mashamba ya kahawa. Kapteni alitoa amri: ukishafunga kamba za viatu, ni Kiswahili. Beki aliyempigia mwenzake kelele kwa Kikuyu huku kipa haelewi alizunguka uwanja mara mbili, hata kama tulikuwa tunaongoza.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007, na ghasia za kikabila zilizoufuata. Januari, jamaa zetu walianza kufika kutoka Bonde la Ufa na magodoro na watoto, mali nyingine imeteketea. Nyumbani hasira zilikuwa nyingi, na baadhi yetu tulianza kunong'ona kwamba kipa, kijana wa Kijaluo, asiitwe tena.

Mazoezi yaliporudi, kapteni alisoma kikosi kilekile, jina la kipa likiwa la kwanza. Kabla ya hapo alikuwa ameenda mwenyewe hadi lango la nyumba za askari, akamchukua, wakapita pamoja katikati ya maduka mchana kweupe.

"Mwenye neno na kipa aniambie mimi," akasema.

Wawili walivua viatu wakaondoka. Hakuwabembeleza wala hakuwatukana. Aliita wawili wa akiba, mazoezi yakaanza. Mmoja alirudi baadaye, akapewa jezi yake bila kuulizwa kitu. Wa pili hatukumwona tena.

Kapteni alipopata kazi Nanyuki, tulikaa kwenye nyasi kumchagua mrithi. Safari hiyo hakuna aliyetaja mabao. Mzee mmoja shabiki wetu ndiye aliyeuliza: mchezaji akikosa kuja, ni nani kati yenu atakayemfuata hadi kwao?