Kadi chini, si uso

Leo nawasimulia kosa langu moja, maana najua sisi wakalimani wa kujitolea tunafanana.

Mimi ni Mkongomani, shuleni nilisoma kwa Kifaransa. Kiingereza nimekianzia hapa Uganda, Nakivale. Nilipojua salamu, namba na majina ya vitu nikaona basi, nimeshakiweza. Kumbe kujua jina la kitu ni jambo moja, kujua kitu kikaeje ni jambo lingine.

Siku moja ya ugawaji, kila familia ilitakiwa iache kadi yake mezani, halafu ingoje kwenye benchi. Mfanyakazi mmoja akaniambia watu waweke kadi "face down". "Face" nilijua ni uso. "Down" nilijua ni chini. Nikawageukia watu, nikasema kwa sauti: "Wekeni kadi mezani, kisha mukae, uso chini."

Wakatii. Wamama, wazee, wote wakainamisha vichwa kama watu waliokamatwa. Hakuna aliyeuliza kitu. Nilipopita karibu na mzee mmoja, umri wa babu yangu, akaninong'oneza: "Mwanangu, tumekosa nini?"

Mfanyakazi naye akashangaa. Akachukua kadi moja, akaigeuza, maandishi yakalala juu ya meza. Alitaka hivyo tu, kadi zilale kifudifudi ili mtu asisome jina na namba ya mwenzake. Yeye alikuwa analinda heshima yao, mimi nikawavunjia. Niliomba msamaha mbele ya wote, lakini lile swali la mzee bado ninalo.

Tangu siku hiyo natembea na daftari. "Upside down" ni juu chini, kama vikombe mama anavyoviosha na kuvifudikiza vikauke. "Inside out" ni ndani kuja nje, kama fulana uliyoivua haraka. "Back to front" ni mgongo kuja mbele. "Right side up" ilinichezea sana, nikafikiri ni upande wa kulia. Hapo "right" maana yake ni sawasawa: kitu kisimame inavyotakiwa, juu iwe juu.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili chetu kina haya yote. Chali, kifudifudi, kufudikiza, nimeyasikia tangu utoto. Ila siku ile niliogopa kuuliza, nisionekane sijui Kiingereza. Aibu yangu ndogo nikawabebesha wazee.

Ndugu zetu wa mashirika, mkitaka kitu kikae namna fulani, tuonyesheni kwa mkono, msiseme tu. Na sisi wakalimani, tukiona watu wanatii huku macho yao yanauliza, tusimame kwanza. Tuseme, "Samahani, sijaelewa, nionyeshe." Mimi sasa nalisema kila wiki, na hakuna aliyenicheka.