Nilichora Korongo, Nikaliita Barabara

Barabara niliyoichora Engaresero haipo. Haikuwahi kuwapo. Nilikaa Arusha mbele ya kompyuta, nikatazama picha za setilaiti za nchi iliyo kati ya Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron, nikaona mstari mweupe, mpana, unaopindapinda kuelekea ziwani. Nikauweka kama njia ya magari kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha.

Kuchora vibaya kungesameheka. Ardhi ya huko ni majivu ya volkano na vumbi, na ukiitazama kutoka juu, mapito ya ng'ombe, makorongo na njia za magari hufanana. Kosa langu kubwa lilikuwa namna nilivyowasilisha kazi.

Wenzetu wa programu huria wana utaratibu mkali. Kwenye Linux, kiraka, yaani badiliko la msimbo, hutumwa kwa barua pepe. Kinabeba badiliko moja, kinaeleza kwa nini linahitajika, kina jina la aliyekiandika, na mtunzaji wa sehemu hiyo hukisoma kabla hakijapokelewa. Ukichanganya mambo matatu, unarudishiwa ukayatenganishe. OpenStreetMap haina mlinzi wa mlangoni: badiliko huingia papo hapo, na uhakiki hufuata baadaye, akipatikana mtu wa kuufanya. Nililijua hilo. Nikakusanya maboma, vijito, sehemu za kunyweshea mifugo na ile barabara katika furushi moja, na mahali pa maelezo nikaandika neno moja: "Marekebisho."

Mchangiaji mwenzangu akaniuliza: "Habari ndugu. Mstari huu ni njia au korongo? Umefika?"

Sikuwa nimefika. Nilimjibu kwamba inaonekana wazi kwenye picha. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimejaza eneo ambalo ramani iliacha tupu, naye akayapita hayo yote akanishika kwa mstari mmoja. Alikuwa ametoa jioni yake, bila malipo, kusoma kazi yangu. Sikuliona hilo.

Baadaye nilikwenda Engaresero kuziona nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizohifadhiwa katika majivu yaliyoganda. Tulipomaliza nikamwomba kijana wa Kimaasai aliyetuongoza anipeleke kwenye ile barabara. Akasimama ukingoni. Chini yetu kulikuwa na mchanga tu, na kingo mbili zilizokatwa wima. Nikashuka. Kwenye simu, alama yangu ilikuwa juu kabisa ya mstari wangu. Kisha nikaona matawi makavu na nyasi zilizonasa kwenye miiba ya mgunga, juu kuliko kichwa changu. Maji ndiyo yaliyoyaweka pale.

"Kaka, hili ni korongo," akasema. "Mvua ikinyesha kule juu, maji yanafika hapa wakati kijijini jua linawaka." Akaongeza kwamba kuna dereva mgeni aliyeshuka humo akifuata simu, akakwama, vijana wakaenda kumvuta.

Nikamwambia mchoraji ni mimi.

"Mbona hukuuliza mtu?"

Sikuwa na jibu. Niliulizwa, hata sikulazimika kuuliza.

Niliporudi nilimwomba radhi yule mhakiki, naye akalipitia furushi zima. Kulikuwa na makorongo mengine niliyoyaita njia, na kwa kuwa sikueleza nilivyojua lolote kati ya yale niliyochora, hakuweza kutenganisha sahihi na batili. Tukaliondoa lote. Maboma ya kweli, yenye watu, yakatoweka kwenye ramani pamoja na uongo wangu. Ninayarudisha kidogo kidogo, eneo moja kwa furushi moja, nikitaja chanzo na kuweka alama ya kuomba uhakiki. Yule mhakiki bado anauliza maswali, na sasa ninayajibu kwa kumpigia simu mtu aliyeko kule.

Lakini ramani zilizokwisha kupakuliwa kwenye simu hazifutiki kwa mkono wangu. Kama unayo ya zamani na unaelekea Natron, isasishe kabla hujaondoka Mto wa Mbu.