Alijichanga Hadi Namibia, Akaishia Kukaa Mchangani

Jamaa mmoja wa Dar alijichanga mwaka mzima aende Skeleton Bay, Namibia, pale jangwa linapokutana na Atlantiki. Huko wimbi likikubali, mtu anateleza na ubao wake zaidi ya kilomita 1, kisha anarudi kwa miguu ufukweni maana mkondo haupigiki.

Siku ya siku: ukungu, maji ya baridi balaa, wimbi linapasukia kwenye kina kifupi, chini mchanga mgumu. Wazoefu wenyewe wanatoka na mbao zimekatika vipande viwili.

Mshikaji wake kashika kamera: "Ingia bana, tumetoka mbali!"

Jamaa akaangalia weee, akaubana ubao kwapani, akakaa chini.

Nauli imekwenda, video hakuna. Mwoga? Semeni nyie, wadau. Ila jioni mama yake alipopiga simu, aliyepokea ni yeye mwenyewe.