Mama Alipofuata Majani Chai hadi London

Nyumbani kwetu Ekerenyo, huko Nyamira, Kenya, London ilikuwa jina la redio na la bei. La redio kwa sababu baba hakukosa taarifa ya jioni ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyokuwa ikisomwa kutoka jumba la Bush House. La bei kwa sababu, kila malipo ya chai yaliposhuka, watu kwenye kituo cha kununulia chai walisema soko la ng'ambo limeanguka. Mama alishusha kapu, karani akapima, kilo zikaandikwa kwenye risiti, lori la kiwanda likaondoka. Kwetu sisi chai iliishia hapo.

Babu alipanda miche yake ya kwanza miaka ya sitini. Kabla ya hapo chai ilikuwa zao la wazungu. Kule Kericho, ambako si mbali na kwetu, Brooke Bond walikuwa na mashamba makubwa tangu miaka ya 1920, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai yake mpaka miaka ya hamsini. Mamlaka ya kuwasimamia wakulima wadogo iliundwa 1960, na 1964 ikawa KTDA. Mama aliolewa akalikuta shamba limeshakomaa, naye akalitwaa kwa mikono yake. Alitoka alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, akachuma majani mawili na kichipukizi, akijua kwamba mchana mawingu ya upande wa ziwa yataleta mvua, na siku mbaya mvua ya mawe. Karo yetu ililipwa na bonasi ya chai hiyo. Hata mafunzo yangu ya uuguzi, yaliyonifikisha Uingereza, yalitoka kwenye kapu lile.

Lakini namba ya mkulima, ile inayoandikwa kwenye risiti na kwenye hati ya malipo, ilikuwa na jina la baba. Ndivyo ilivyo katika boma nyingi za Kisii na Nyamira: mke anachuma, mume anasajiliwa. Kwetu hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la kuzungumzwa, na baba mwenyewe hakuwa mtu wa kumnyima mama kitu.

Mama alipokuja kunitembelea Reading, ninakoishi, kumwona mjukuu, nilimuuliza angependa kuona nini London. Nilitarajia aseme kasri la mfalme. Akasema, "Nipeleke kwa redio ya baba yako, halafu unipeleke mahali chai yetu ilikuwa ikiuzwa."

Tulianza Bush House, pale Aldwych. BBC walishahama tangu 2012, na sasa jengo ni la chuo kikuu, King's College London. Mama alisimama mbele ya nguzo zile ndefu, akampigia baba simu ya video na kumwonyesha. Baba, aliyeisikiliza idhaa ile miaka mingi, alitaka kujua dirisha la watangazaji lilikuwa lipi.

Hatua chache kutoka hapo, katika namba 216 ya barabara ya Strand, liko duka la Twinings. Thomas Twining alianza biashara eneo hilo mwaka 1706. Ni duka jembamba lililoingia ndani kama ujia, na juu ya mlango amelala simba wa dhahabu katikati ya sanamu mbili za Wachina. Mama aliingia taratibu. Aliomba kunusa chai kavu, akamimina kidogo kiganjani, akaisugua kwa kidole gumba. Nilimweleza kwamba ile inayoitwa English Breakfast huchanganywa chai ya Kenya na ya Assam, India. Alitikisa kichwa kidogo, akaendelea kunusa. Maisha yake yote alikuwa ameshika majani mabichi. Chai iliyokatwa vizuri kiwandani hadi daraja la kuuzwa ng'ambo hakuwahi kuishika mkononi. Nyumbani tulinunua paketi dukani kama kila mtu.

Tukapanda basi namba 15, likapita Fleet Street na kanisa la St Paul's, tukashuka karibu na Mincing Lane. Huo mtaa mfupi ulikuwa kitovu cha biashara ya chai duniani. Mnada wa London ulianza 1679, na ukafungwa tarehe 29 Juni 1998. Siku hiyo sanduku la mwisho, chai ya Sri Lanka, lilinunuliwa na Taylors of Harrogate kwa pauni 555 kila kilo, fedha zikaenda kwenye hisani. Wakati huo mnada wa kwetu, ulioanza Nairobi 1956 na kuhamia Mombasa 1969, ulikuwa umeshakua vya kutosha kuibeba chai ya Afrika Mashariki. Leo Mincing Lane ni mtaa wa ofisi.

Nilimweleza mama hayo yote tukiwa tumesimama kando ya njia. Akauliza, "Kwa hiyo tangu 1998 bei inapangwa Mombasa?" Nikamjibu kwamba inauzwa Mombasa, kwa dola, na wanunuzi wengi ni wa nje. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mombasa ni kwetu. Mtu wa Mombasa naweza kumuuliza."

Kutoka gati la Tower tulichukua boti hadi Greenwich kuiona Cutty Sark, meli ya matanga iliyojengwa Dumbarton, Scotland, mwaka 1869 ili kukimbiza chai kutoka China. Safari yake ya kwanza ilibeba zaidi ya ratili milioni moja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1870 ilikuwa imeacha chai, kwa kuwa meli za mvuke zilipita mfereji wa Suez, na baadaye ikaenda kubeba sufu ya Australia. Mama aligusa masanduku yaliyopangwa ndani ya meli, akataka kujua yalipakiwa na nani. Kila tulipofika, hilo ndilo swali alilolitafutia jibu: mtu wa mwanzo wa safari yuko wapi katika habari hii?

Jioni, dukani Reading, alichukua boksi la vifuko 80 vya chai. Gramu 250. Alikuwa amefundishwa na maafisa wa kiwanda kwamba kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Akapiga hesabu hapo hapo: boksi moja ni kilo moja na ushee ya majani. Siku njema yeye huchuma kilo 30, yaani zaidi ya maboksi 25. Boksi liliuzwa pauni tatu hivi, karibu shilingi 500. Kilo ya majani ilimletea shilingi 20 na kitu katika malipo ya kila mwezi, bonasi ikifuata baadaye, na bonasi ya viwanda vyetu mara nyingi huwa chini sana ya ile ya kaunti za Kirinyaga au Murang'a.

Hakukasirika. Alijua kuna kiwanda, kuni, lori, meli, karatasi na mshahara wa binti aliyekuwa kwenye kaunta. "Kila mtu amekula jasho lake," alisema. "Lakini sisi tunakula wa mwisho, na hatuulizi."

Aliporudi Ekerenyo alimketisha baba. Alimwambia, "Nimeona chai yangu mwisho wake. Sasa nataka jina langu mwanzo wake." Baba alichukua muda kulikubali, kwa kuwa shamba alipewa na baba yake na hakuna jirani aliyekuwa amefanya hivyo. Mwishowe walienda pamoja kiwandani, sehemu ya michai ikahamishiwa namba mpya, namba ya mama. Malipo yake sasa huingia kwenye akaunti yake.

Badiliko kubwa zaidi liko kwenye mikutano ya wakulima. Tangu 2000, KTDA ilipobinafsishwa, wakulima ndio wenye hisa katika viwanda vyao. Zamani mama alikaa nyuma na wanawake wengine, akisikiliza. Sasa anasimama na kuuliza: chai yetu ilipata daraja gani Mombasa, kwa dola ngapi, na kwa nini kiwanda cha kaunti nyingine kilipata zaidi? Majibu hayatoshelezi kila mara. Hata hivyo wanawake wenzake wamejifunza maswali hayo, na baadhi wameanza kuzungumza na waume zao juu ya namba.

Sisi tulioko ng'ambo hupenda kuwapeleka wazazi wetu penye madaraja na makasri, wapigwe picha. Ni vizuri. Lakini wengi wao wametusomesha kwa chai, kahawa au pareto iliyovuka bahari kabla yetu. Wana haki ya kuifuata ilikoishia, waishike, waipigie hesabu, kisha warudi nyumbani wakidai wanachostahili.