Bakuli la mafuta ya mbuzi

Siku mbili baada ya harusi ya jirani hapa Likoni, mbwa wangu Simba akaanza kutapika. Akawa anashusha kifua chini, kiuno juu, analia. Na mimi ndo nilimpa mafuta ya mbuzi, bakuli zima. Nilidhani ni mapenzi.

Tukavuka feri, watu wakitukwepa. Daktari wa mifugo akashuku kongosho. Likivimba, vimeng'enya vyake vya kusaga chakula huanza kulisaga lenyewe.

Nikaropoka: si tumpige MRI?

Akanieleza polepole. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, na huonyesha kongosho na mirija yake vizuri. Lakini mbwa hawezi kuambiwa "tulia," lazima apigwe dawa ya usingizi. Kwa mgonjwa aliyeishiwa maji vile, usingizi wenyewe ni hatari. Hivyo kwanza damu, ultrasaundi na dripu.

Simba yuko hai, amekonda. Mi nilikuwa natafuta mashine kubwa, kumbe kosa lilikuwa mkononi mwangu. Jumamosi kuna harusi tena mtaani. Tafadhali, mafuta msimpe mbwa.