Majira ya Mbio na Majira ya Mvua

Mkulima na mkimbiaji wa mbio ndefu ni ndugu wawili, ingawa watu hawauoni udugu wao. Mmoja huinama ardhini, mwingine hutazama mbele. Mmoja husemwa kuwa mzito, mwingine mwepesi. Walakini kazi yao ni moja. Wote wawili hutoa leo kitu walicho nacho, wakakiweka mahali wasipokiona, kwa tumaini la kukipata baada ya miezi mingi. Mbegu iliyofukiwa hairudi siku ya pili, wala nguvu iliyotumika njiani alfajiri hairudi jioni. Kila kimoja kina majira yake, na mtu asiyejua majira hupoteza mbegu na nguvu pia.

Jambo hili ni wazi zaidi mahali kama Sepuka. Kata hii imo katika wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, katika nyanda kavu za katikati ya Tanzania, ambako mwaka haugawanyiki kwa masika na vuli kama pwani. Msimu wa mvua ni mmoja tu. Aghalabu huanza Novemba au Desemba na hukoma Aprili, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu. Mtama, uwele, mahindi na alizeti havina budi kuotea na kukulia katika muda huo mfupi. Aliyechelewa kupanda kwa wiki tatu huweza kuwa amechelewa kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mtu wa huko huzaliwa ndani ya shule ya kupanga, ingawa shule hiyo haina ubao wala kengele.

Na afikiriwe basi kijana wa Sepuka ambaye ni mkulima kwa riziki na mkimbiaji kwa mapenzi. Kiswahili humwita mtu kama huyo mwanariadha wa ridhaa, na jina hilo lina maana nzuri. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Hakuna mwajiri anayemwamuru aamke kabla ya jua, wala mshahara unaomngoja mwisho wa mwezi. Aendalo ni lake na alipendalo ni lake. Uhuru huu ni neema, lakini neema hiyo ina hatari ndani yake. Mkimbiaji wa kulipwa ana mwalimu wa kumwambia, "Leo pumzika." Mkimbiaji wa ridhaa hana wa kumzuia ila nafsi yake, na nafsi ikipenda kitu si mwepesi wa kukikataa.

Mwanzo wa mwaka kijana huyo huchukua daftari akaandika mbio. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi kuna marathoni ya Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, iwavutayo watu kutoka pande nyingi za dunia. Julai kuna mbio za Dodoma. Kati ya hizo, miji mingi siku hizi ina mbio zake za hisani, za kilomita 5, 10 au 21. Ukurasa hujaa, na moyo hufurahi kwa kujaa kwake. Lakini orodha ndefu si mpango. Ni matamanio yaliyotiwa tarehe. Mwaka 1969, alipokuwa akiueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha Watanzania kwamba kupanga ni kuchagua. Neno lile lilihusu viwanda, shule na barabara za taifa. Hata hivyo linatosha kabisa katika daftari la mtu mmoja. Na kila achaguaye, hukataa pia. Kukataa ndiko kunakouma.

Shamba ni la kwanza kudai kukataa huko. Wakati wa mbio za Moshi ni wakati wa mvua huko Sepuka, na majani hukua kwa kasi isiyoshindwa na mkimbiaji yeyote. Safari ya kwenda Moshi kwa kupitia Babati na Arusha ni ya kilomita zipatazo 400 kutoka mjini Singida, na mtu hawezi kuifanya, akakimbia, akarudi na kushika jembe siku hiyo hiyo. Kijana akimwambia mama yake habari ya Moshi, si ajabu jibu likawa hivi: "Mwanangu, miguu ni yako, lakini magugu hayatakungoja urudi." Naye ataitika, "Ndiyo, mama," kisha akae kimya. Mama hakuzichukia mbio. Ametaja bei yake tu, nayo ni magunia yatakayopungua ghalani kwa watu wote wa nyumba ile.

Mwili nao una madai yake. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Akiba ya sukari iliyomo katika misuli na ini hukaribia kwisha baada ya kilomita zipatazo 30, na mwendo uliobaki hukamilishwa kwa taabu. Misuli huchanika vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, na huhitaji wiki kadhaa kuponywa. Jambo la ajabu katika mazoezi ni kuwa nguvu haiongezeki mtu anapokimbia, bali anapopumzika baada ya kukimbia, kama mmea uotao usiku mkulima akiwa amelala. Mtu aingiaye kila shindano hufanana na mkulima afukuaye mbegu kila asubuhi ili aone kama imeota.

Mfano mwema wa kuchagua umetoka katika mkoa huo huo wa Singida. Alphonce Felix Simbu, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na mzaliwa wa Singida, si mkimbiaji wa ridhaa. Lakini mwaka wake wa 2025 unaweza kumfundisha hata yule akimbiaye kwa mapenzi tu. Aprili 21 alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston, nchini Marekani. Septemba 15 alikimbia marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo, akamaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda huo huo. Mashine zilipotazamwa, Simbu alikuwa ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Hivyo akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Kati ya siku hizo mbili zilipita wiki 21 kamili. Dunia iliziona saa chache za mbio. Wiki zile hazikuonwa na wengi, nazo ndizo zilizozaa. Hata miaka yake haikuwa ya mavuno sawa: wa tano huko Rio 2016, wa tatu duniani huko London 2017, wa pili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham 2022, wa kumi na saba huko Paris 2024. Mkulima wa nyanda kavu huijua hesabu ya namna hiyo.

Kuchagua huzidi kuwa kugumu kwa mtu asiyetosheka na kukimbia peke yake. Yako mashindano yaunganishayo kuogelea, baiskeli na mbio, yaitwayo triathloni. Yalianza San Diego, Marekani, mwaka 1974. Mwaka 1978 watu 15 walianza shindano refu huko Hawaii, wakamaliza 12. Na mwaka 2000 mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Sydney, kwa kuogelea kilomita 1.5, kuendesha baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Kijana wa Sepuka akijipima kwa mizani hiyo ataona kwamba miguu anayo. Baiskeli nayo si ngeni kwake, maana ndiyo ibebayo madumu ya maji na magunia ya nafaka katika njia za mchanga. Asichonacho ni maji ya kuogelea. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai yako mjini Singida, na maji yake ni ya chumvi. Kwake ni safari, si mazoezi ya kila siku. Mpango wa kweli huanza kwa kuandika kilichopo na kisichopo bila ya kujidanganya. Huenda mwaka huu akashika miguu na baiskeli, na kuogelea akakuacha hadi atakapopata mahali na mtu wa kumfundisha, kwa kuwa maji hayamwonei haya mwenye bidii asiyejua kuogelea.

Basi kalamu irudi katika daftari. Moshi inafutwa, nayo hufutwa kwa uchungu. Miezi ya mvua inabaki kuwa ya jembe, na ya kukimbia polepole alfajiri kabla ya kwenda shambani. Mei na Juni ni miezi ya kuvuna, na baada ya kuuza alizeti hupatikana nauli na kiingilio. Julai inabaki Dodoma, kiasi cha kilomita 240 kutoka Singida, na kabla yake mbio fupi moja ya kujipima. Kisha zinafuata wiki tupu, zisizoandikwa kitu, ambazo asiyejua ataziita uvivu.

Mpango kama huo hauahidi ushindi. Mvua huweza kukosa, na goti huweza kuumia. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka akaumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na akafika wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, hali 75 walikuwa wameanza. Watu humsifu kwa kuvumilia siku ile, na wanastahili kumsifu. Lakini uvumilivu una namna mbili: wa kuendelea mbele mwili unapokataa, na wa kukaa nyumbani mwili unapotaka kwenda. Wa kwanza hupigiwa makofi uwanjani. Wa pili hufanyika Februari katika shamba la Sepuka, mtu ameinama katikati ya mimea yake, huku wenzake wakikimbia Moshi. Na pengine ghala la nyumba yake, na mbio zake za Julai, hutegemea huo zaidi.